Albamu ya babu, fundi wa madaraja ya reli: nimeipeleka studio Tabora, naandika nilivyoona

Wale mlioniuliza kule wasap zile picha za babu nimezisafishia wapi, majibu ndio haya, na naandika ndefu kwa makusudi maana nikisema tu "pelekeni Tabora kuna mzee anajua" hamtaelewa kwa nini nimetoka Kigoma na albamu mapajani usiku mzima kwenye treni wakati hapa Mwanga studio zipo kila kona.

Kwanza albamu yenyewe. Babu mzaa baba alikuwa fundi wa madaraja. Sio dereva, sio stesheni masta, yeye ni madaraja mwanzo mwisho. Aliingia kazini bado kijana wakati wanajenga njia ya Kaliua kwenda Mpanda, ile iliyofunguliwa 1950 kwa ajili ya madini ya risasi kule Mpanda, kilomita kama 210 hivi, pori la miombo na mbung'o, na mto Ugalla ukijaa masika hauna utani na mtu. Baadaye akahamia gengi la matengenezo mstari wa kati, Tabora na Kigoma, mpaka akastaafu. Alipofariki akaacha baiskeli, nyundo ndogo, na hiyo albamu. Baiskeli wajomba walijua wenyewe wameipeleka wapi. Nyundo na albamu vilibaki kwa bibi Ujiji.

Ni albamu ya zamani kabisa, jalada gumu limefungwa kwa kamba, ndani makaratasi meusi, kurasa 24, picha 71, nyingi ndogo sentimita 6 kwa 9. Nyingine zimeshikwa na zile kona za karatasi, nyingine zimegundishwa moja kwa moja. Chini ya picha babu kaandika kwa penseli nyeupe, maneno machache machache, "Maili 31", "Mvua", "Boriti ya kwanza", "Gengi letu". Picha za mwanzo hakupiga yeye, alipiga fundi mkuu wao Kalasinga mmoja aliyekuwa na kamera ya boksi, filamu moja inatoa picha 8 tu imekwisha, akawa anampa babu nakala. Za mwisho mwisho ndio za babu mwenyewe, alikuja kununua kamera yake.

Sasa kosa lililotokea. Miaka mitatu iliyopita mtu wa familia alichomoa picha sita akazipeleka duka moja, mji siutaji na duka silitaji, akawaambia wazifanye mpya. Zile zilizogundishwa wakazibandua kwa wembe. Wakazipiga kwa simu, wakaziingiza kwenye programu ya kutia rangi, babu akatoka na sura ya mtu tusiyemjua, mashavu laini kama mtoto, ovaroli ya bluu ambayo hakuna anayejua kama ilikuwa bluu. Halafu kama zawadi wakazifanyia laminesheni zile picha zenyewe. Zenyewe, orijino! Laminesheni ni plastiki yenye gundi inayoyeyushwa kwa moto, ikishashika kwenye picha ya zamani hakuna namna ya kuirudisha bila kuondoka na picha. Mimi nililia siku ile na sioni aibu kusema.

Ndio maana nilipoambiwa kuna mzee Tabora anafanya hizi kazi taratibu sikuuliza nauli. Studio yake haina hata bango, ni chumba kimoja ukitoka stesheni kuelekea mjini, kwa nje kuna miembe na bodaboda wanapaki hapo kivulini, ukiwauliza kwa mzee wa picha wanakuonyesha. Anafanya na binti yake, binti ndio wa kompyuta, mzee ndio wa mikono. Baba yake mzee naye alikuwa mtu wa reli, na hilo lilisaidia kuliko nilivyotegemea, nitalieleza mbele.

Nimeingia, mwangaluka, shikamoo, nimekaa. Nikaanza kumweleza nataka picha zitolewe, ziskaniwe, zirudishwe. Akaniambia subiri. Akaenda kunawa mikono, akajifuta mpaka ikakauka kabisa, akatandika shuka jeupe mezani akafungua ukurasa wa kwanza. Akafungua mpaka wa mwisho bila kusema kitu. Nusu saa nzima, kuna wateja wawili wa pasipoti wamesimama mlangoni. Alipomaliza akasema, "Mwanangu, hizi hatuzitoi kwanza. Babu yako alizipanga."

Hilo neno moja ndio sababu ya nyota zangu zote tano, yaliyobaki yote yametoka humo.

Kazi yake alianza na kurasa. Kila ukurasa umepigwa mzima kama ulivyo, na maandishi, na nafasi zilizo wazi, na madoa, kamera iko juu kwenye stendi inatazama chini, taa mbili pembeni zimelazwa huku na huku ili picha zisimeremete. Kurasa zote 24. Baada ya hapo ndio akagusa picha, na sio zote, zile za kwenye kona tu, anachomoa moja, inaskaniwa mbele na nyuma, inarudi palepale kabla hajachomoa nyingine. Zilizogundishwa hakuzibandua hata moja, aliziskani zikiwa ukurasani. Nikamuuliza nyuma ya hizo kama kuna maandishi je, akasema yakiwepo yamekaa salama miaka sabini, wembe ndio hauna usalama.

Kwa wanaojali mambo ya kiufundi, aliskani kwa 1200, yaani nukta 1200 kwa kila inchi. Binti alinieleza vizuri nikaelewa, picha ya sentimita 6 kwa 9 ukiskani kwa 600 unapata nukta kama 1,400 kwa 2,100, inatosha simu na inatosha kuchapa ndogo, ila ukitaka kuikuza A4 inaanza kulegea. Kwa 1200 zinaongezeka mara mbili kila upande na unaanza kuona misumari kwenye mbao. Faili wanakupa aina mbili, TIFF ya kuweka na JPEG ya kutumia. Ile JPEG kila ukiifungua ukaihariri ukaisevu upya inapoteza kidogo, kwa hiyo usiifanye ndio akiba yako. Tena wametoa kopi mbili, moja kwenye flashi na moja kwenye hadi diski niliyokwenda nayo, na akanisisitiza zisikae nyumba moja. Flashi iko kwangu, diski iko kwa dada Kasulu.

Kuna picha pembeni zimeota kitu kama kioo, ukiinamisha unaona rangi ya fedha ya bluubluu. Mimi nilidhani ni uchafu, nilishataka kufuta na pamba nyumbani, Mungu kaniepusha. Ni fedha yenyewe iliyomo kwenye picha ndio inapanda juu kwa sababu ya hewa na unyevu, ukifuta unafuta picha. Hakuigusa, alicheza na taa tu mpaka ule mng'ao ukapotea kwenye faili. Halafu akanionyesha kitu kingine ambacho bado nakifikiria mpaka leo. Picha za kurasa za mwanzo zimekuwa njano, za katikati ziko safi nyeusi na nyeupe. Akasema hizi za njano zimesafishwa porini, kule kambini. Picha ikishatoka lazima ioshwe maji mengi kuondoa "hypo", ile dawa ya kugandisha picha, maji yakiwa ya shida dawa inabaki kwenye karatasi na kuila picha polepole kwa miaka. Hizi safi zimetoka studio ya mjini palipo na bomba. Nilipofika Ujiji nikamuuliza bibi, akasema babu yako alikuwa anahadithia Kalasinga alikuwa anafunga hema usiku na taa nyekundu, anasafisha picha kwenye sinia za bati, na maji ya kunywa yenyewe yanakuja kwa treni ya kazi. Mzee wa watu hakuwahi kumuona bibi, aliyajua kwa kuangalia njano.

Sasa kurasa 9 mpaka 14, hapo ndipo utajua kwa nini alikataa kuzitoa. Ni daraja moja linakua. Ukurasa wa 9 mto umekauka, mchanga tupu na vigingi vimechomekwa, wanaume wanne wanashika kamba. Wa 10 ni shimo, mtu yuko chini unaona kofia tu, pampu iko pembeni. Wa 11 nguzo zimeshapanda na jukwaa la miti iliyofungwa kwa kamba. Wa 12 boriti ya chuma imeletwa na treni mpaka ukingoni, maana reli inatandikwa mpaka kwenye mto, inasimama, inasubiri daraja, wakivuka ndio inaendelea. Na wa 12 huohuo kuna picha tatu za kupiga ribiti, zile pini nene za chuma za kuunganishia bamba za daraja. Hizi nimezitazama mara mia.

Mtu wa kwanza yuko kwenye mvukuto, koleo mkononi, kapasha ribiti mpaka imekuwa nyekundu. Anairusha. Inarushwa kweli, hewani! Wa pili anaidaka kwa kopo la bati, huyo ndio babu, miaka ishirini na kitu, kasimama juu ya boriti bila kamba yoyote kiunoni. Wa tatu anaichomeka kwenye tundu, mmoja anakandamiza kichwa upande huu na wawili wanagonga upande ule. Mzee akanieleza kwa nini lazima iwe ya moto, sio tu kwamba inakuwa laini kupondeka, ikipoa inanywea, ule urefu wake unapungua, kwa hiyo inazivuta zile bamba mbili za chuma zikabanana kuliko mkono wa mtu unavyoweza kukaza. Na ile nyundo ndogo ya babu ambayo sisi watoto tulikuwa tunavunjia karanga, jamani, ilikuwa ya kukagulia ribiti! Unagonga unasikiliza, iliyokaza inalia kigumu, iliyolegea inatetema, na ukiona mstari wa kutu unashuka kutoka kwenye kichwa cha ribiti ujue hiyo inacheza. Babu katembea na hiyo nyundo madaraja ya Malagarasi huko mpaka anastaafu na hakuna aliyetueleza. Nimeitafuta kwa bibi nikaikuta jikoni, nimeiondoa.

Ukurasa wa 13 sasa. Upande wa kushoto kuna picha ya nusu daraja, inaishia hewani, chini babu kaandika "DARAJA". Upande wa kulia patupu, alama za gundi tu na vipande vya karatasi, chini pameandikwa "ZIMA". Miaka yote sisi tulijua ile picha ni ya daraja ambalo halijaisha, na hilo "zima" baba alikuwa anasema labda taa ilizima au nini. Mzee akapima ile nafasi tupu kwa rula, akaomba zile sita zilizopigwa laminesheni, akazijaribu moja moja juu ya alama za gundi bila kugusisha. Ya nne ikakaa. Ndio nusu ya kulia! Kalasinga alisimama sehemu moja akapiga kushoto, akageuka kidogo akapiga kulia, babu akazibandika zimegusana. Daraja zima. Lile duka lilitenganisha wakatia rangi nusu moja, na sisi wenyewe hatukujua kama limetenganishwa. Binti akaziunganisha kwenye kompyuta, akatoa ile rangi ya uongo, akasawazisha weusi, na sasa unaona nguzo zote, boriti zote, gengi zima limejipanga juu yake kuanzia ukingo huu mpaka ule, watu 38 nimewahesabu. Mng'ao wa laminesheni bado unaonekana kidogo upande wa kulia, hauondoki. Zile tano zilizobaki nazo zote zilipata kwao kwa mtindo huohuo, kwa kupima gundi.

Hapa naomba nieleweke, asingepiga kurasa kwanza, angeanza kuchomoa picha kama nilivyotaka mimi, hizo alama zingechanganyika na hili lisingejulikana kabisa.

Tulipishana jambo moja. Kwenye picha nyingi nyuso za mafundi ni nyeusi tii, kofia, jua la saa saba, na anga nyuma yao linawaka. Mimi nikataka babu aonekane, ongeza mwanga. Mzee akakataa, akasema nikiongeza napata uso na napoteza chuma, na kilichomo kwenye karatasi ndio hicho. Tukabishana kwa heshima, mwisho akaniachia faili mbili kwa kila moja ya hizo picha, moja kama ilivyo na moja iliyoongezwa sehemu ya uso tu, na jina la faili linasema ipi ni ipi. Nadhani wote wawili tulikuwa sahihi. Bibi ametambua watu wanne kwenye zile za mwanga.

Kasoro zipo nazisema. Aliniambia wiki mbili, ikawa wiki tano. Umeme unakatika, sawa, ila simu ya kunijulisha haikatwi na umeme, nilikuwa napiga mimi kila Ijumaa. Malipo ni keshi tu, niliranda na pesa mkononi nikitafuta wakala wa kutoa. Kitabu walichochapa (kurasa zote 24 kwa mpangilio wake, halafu kila picha kubwa) jalada lake linang'aa mno, halifanani na kitu cha mzee wa reli. Na maelezo ya picha ya mafuriko waliandika 1950 wakati nyuma babu kaandika 1949, nikawaonyesha, wakachapa ukurasa upya bila kunitoza. Mapokezi ya binti kwa simu pia yapunguze ukali.

Bei, najua ndio mnasubiri. Ukurasa mmoja 2,000, picha moja 1,500, kitabu 85,000, boksi la kuhifadhia 15,000. Jumla ilifika 254,500 akaitoa ile mia tano. Ukiona ni nyingi muombe afanye kurasa peke yake, 48,000 kwangu ingekuwa, na hiyo tu tayari imeokoa albamu.

Lile boksi ni katoni ngumu na kitambaa cha pamba, basi. Amekataza nailoni, amekataza zile albamu za kisasa zenye gundi na plastiki ya kufunika kwa sababu picha zinanata humo hazitoki tena, amekataza kuweka juu darini chini ya bati kwa ajili ya joto, na sakafuni kwa ajili ya mchwa. Kabatini, chumba cha ndani, kisichopakana na bafu. Ukitaka kuandika jina la mtu nyuma ya picha andika kwa penseli laini, sio biki, biki inapenya na inatoboa alama mbele.

Kuna picha moja karibu na mwisho, mstari wa kati, nguzo ya mawe ya zamani ina kiraka, babu kaandika "Jiwe la Mjerumani". Mzee alikaa nayo sana. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, na 1916 walipokuwa wanarudi nyuma vitani Wajerumani wakayalipua madaraja waliyoyajenga wenyewe. Akasema baba yake alikuwa anamwonyesha vile viraka wakiwa kwenye kiberenge, kile kigari kidogo cha mafundi wa reli. Sasa hivi reli mpya ya kisasa, SGR, Tabora Kigoma, kilomita 506, inajengwa, madaraja mapya yatakuja na picha zake nyingi tu, lakini mwenye picha za wale waliodaka ribiti kwa kopo ni nani? Ziko kwenye makabati ya bibi zetu huku Ujiji, Urambo, Kaliua, na maduka ya laminesheni yapo.

Nilipompelekea bibi kitabu alianza na mimi kama kawaida, "mke mwenza umemleta mume wetu", akakaa nacho mkekani mpaka magharibi. Nikaweka simu irekodi. Kwenye picha ya gengi ametaja mpishi, ametaja mnyapara, ametaja kijana mmoja wa Kibondo aliyeanguka na hakurudi kazini. Alipofika ukurasa wa 13 akapitisha kidole kutoka nguzo ya kwanza mpaka ya mwisho, akahesabu kwa Kiha, akaniambia anataka hiyo kubwa, ya ukutani, isiyo na kioo cha kung'aa. Nimeshatuma oda, mzee kasema katikati ya mwezi, mimi nimemwambia bibi mwisho wa mwezi.